Chumba cha Mjomba Nimewapa Watani

Jumapili, alasiri. Jua la Nachingwea leo limekaa juu ya bati kama lina ugomvi nalo. Mawingu yapo upande wa Nambambo, meusi, yamevimba, hayashuki. Mabega yangu yamechubuka kwa kubeba vyuma, pua imejaa salfa, na rohoni nina furaha moja ya kihuni ambayo sitaki mtu aniondolee.

Chumba kiko tupu.

Ngoja niandike mwenyewe, Shajara, maana mtaani wameshaanza kusimulia na wanasimulia vibaya. Wengine wanasema Sele kachanganyikiwa. Wengine wanasema Sele kalogwa na watani. Mimi Sele ninasema hivi: kwenye ukoo huu wa watu wanaoogopa kutupa hata kifuniko cha soda, kidume kimoja tu kimetokea, na ndiye huyu anayeandika kwa simu iliyopasuka kioo.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Kimoja cha Mama, kimoja changu, na cha tatu kilikuwa cha Mjomba Issa, kaka mkubwa wa Mama, Mungu amrehemu. Nasema kilikuwa chake, ila ukweli Mjomba alikuwa mpangaji tu mle ndani. Wenye chumba walikuwa vyuma.

Mjomba alikuwa fundi wa mabomba ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Kutoka Nambambo mpaka Ruangwa huko, mkulima bomba likimgomea katikati ya msimu, dawa ya kwanza ni Mjomba Issa. Lililopona lilirudi kwa mwenyewe. Lililokufa lilibaki kwake, kwa ajili ya spea. Sasa hesabu mwenyewe mabomba yanayokufa Nachingwea kila msimu, mimi hesabu tuliachana nazo kidato cha pili kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Humo ndani kulikuwa na matangi yaliyopasuka, mipira iliyokakamaa, fremu za baiskeli, redio zilizonyamaza kabla sijazaliwa, ndoo zisizo na matako, feni isiyo na panga hata moja, na mlango wa gari ambao gari lake halijulikani. Mjomba kitandani kwake alikuwa anaingia kwa ubavu, kama mtu anayepenya ua wa miiba. Ukimuuliza, Mjomba, hii ya nini, anakujibu kwa upole kabisa: "Itakuja kufaa."

Amekufa, haijafaa.

Sasa kuna Bibi. Bibi ndiye mama yao, aliyemzaa Mjomba Issa, akamzaa Mama, akamzaa na Mjomba Hamisi wa Ruangwa, ambaye nitamfikia. Bibi anaishi peke yake Nambambo, na nyumba yake mvua za mwaka jana zimeipasua ukuta wa nyuma. Ukuta umeegemezewa gogo. Unavyoangalia lile gogo unajua kabisa nalo limechoka. Mama alishasema, mvua ya kwanza ya mwaka huu haitamkuta mama yake mle ndani. Sote tukasema amina. Bibi anakuja mjini, atalala chumba cha Mjomba.

Hapo ndipo Mjomba Hamisi akaingia na ukoo wake mdomoni.

Mjomba Hamisi ana nyumba Ruangwa, ina vigae sakafuni, ina makochi ambayo yamefunikwa vitambaa na hakuna anayeruhusiwa kuyakalia. Akasema vitu vya marehemu havitoki mpaka ukoo ukae. Nikamuuliza ukoo utakaa lini. Akasema ukoo ndio utasema. Nikamwambia basi, Mjomba, tuvihamishie kwako Ruangwa, vikae salama vikisubiri ukoo. Akasema kwake hakuna nafasi. Akasema ile ni kumbukumbu ya kaka yake. Akasema Bibi alale sebuleni kwa muda.

Yaani mwanamke aliyetuzaa sote alale sebuleni, ndoo zisizo na matako zilale chumbani.

Nikanyamaza. Ukiniona nimenyamaza jua kuna kitu kinapikwa.

Kwetu sisi mpwa ndiye anayemrithi mjomba wake, hilo halina ubishi. Kwa hiyo lile lundo lote lilikuwa linanisubiri mimi. Lakini mrithi naye haruhusiwi kugusa mpaka wazee waseme, na wazee wetu wakianza kusema hawamalizi. Mwenye uwezo wa kugusa vitu vya msiba bila kumuuliza mtu ni mmoja tu.

Mtani.

Wewe unayesoma ukiwa Dar na umesahau kwenu, nakukumbusha. Mtani wa ukoo akija msibani anafanya anachotaka. Anamsema marehemu, anawacheka wafiwa, anabeba sufuria lako, anakalia mkoba wako, na wewe huruhusiwi kununa. Alichoshika ni chake mpaka umkomboe. Unaleta jogoo, mnacheka, sufuria linarudi, maisha yanaendelea. Ni mchezo, kila mtu anajua mwisho wake. Tangu nizaliwe sijaona mtu aliyekataa kukomboa.

Basi jana ilikuwa arobaini ya Mjomba. Dua ikasomwa, pilau ikaliwa, na watani wakaingia, mbele yao Bi Somoe. Huyu mama anauza samaki wakavu sokoni, na sauti yake haihitaji umeme. Alipita moja kwa moja chumbani kwa marehemu, akatoka na bomba bovu mgongoni, kalivaa kabisa na mikanda, akaanza kuwapulizia wazee wetu mmoja mmoja pale kwenye mikeka.

"Hawa wote wana ubwiri unga kama mikorosho iliyougua," anasema. "Ndiyo maana ukoo wao hauzai. Huyu wa kwenu naye kaacha vyuma vingi hivi, malaika wakija kumhoji si watajikwaa?"

Watu hoi. Hata sheikh alijifanya anakohoa.

Alipomaliza shamba lake la wazee, akalitua bomba, akanigeukia. "Haya mpwa, lete jogoo tukurudishie mali zako."

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa kanzu ya kuazima, imenikaa vizuri kuliko inavyomkaa mwenyewe, na maneno nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi kama wimbo.

"Mtani, mimi sikomboi. Vyote vilivyomo chumbani ni vyenu. Chukueni mpaka msumari."

Bi Somoe akacheka. Akaniangalia. Akaacha kucheka.

"Unasemaje wewe mtoto?"

"Jogoo sina, na nikimpata nitamla na Bibi yangu."

Unaona mtego, Shajara? Utani unafunga pande zote mbili. Mimi nisipokomboa, yeye lazima achukue. Akiviacha, tutamcheka sokoni mpaka wajukuu wake, tutamwita mtani aliyekimbia mzigo. Bi Somoe alilijua hilo kabla sijamaliza sentensi. Aliwageukia wenzake waliokuja kula pilau kwa raha zao, akawaambia, "Kunjeni mashati. Huyu mtumwa wetu leo ametuweza."

Mjomba Hamisi soda ilimpalia. Akasimama na kofia mkononi. "Selemani, unautupa ukoo."

"Ukoo si umekaa hapo mkekani, Mjomba. Unasubiri pa kulala."

Kila mtu akamtazama Bibi. Bibi Kiswahili chake ni cha kuuzia mihogo, maneno machache na hayana mapambo. Alikuwa ameinama anachambua punje ya wali kwenye khanga yake. Hakuinua hata kichwa.

"Mwanangu nimemzika," akasema. "Vyuma sikuvizaa mimi."

Bi Somoe akarudi chumbani, wenzake nyuma yake.

Mzigo ulipokuwa mkubwa kuliko mabega ya watani na yangu, akaitwa Masanja. Huyu ni Msukuma, kahamia na ng'ombe wake, ana mkokoteni wa kukokotwa na maksai. Alisimama mlangoni anaangalia vyuma vinavyotoka, vinatoka, havina mwisho. Akaniuliza vyote hivyo vya mtu mmoja? Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa. "Sisi kwetu kisichotembea chenyewe hatuhami nacho," akasema, akaenda kuwageuza maksai wake.

Mpaka hapo, wasomaji wangu, mimi nilikuwa bingwa. Ningeweza kuishia hapo na mngenipigia makofi.

Lakini shajara ni shajara.

Bi Somoe akatoka chumbani mara ya mwisho, kainama, anasukuma kitu kizito kwa goti. Kilipofika kwenye mwanga nikaona rangi nyekundu. Nikaona maandishi niliyoyaandika mwenyewe kwa brashi. RADI.

Spika yangu.

Radi ndiyo kazi yangu. Nimeinunua kwa kuokota korosho za watu mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Harusi, jando, unyago, kutoka hapa mpaka Ruangwa, wakisema muziki wanamaanisha mimi na Radi. Wasichana wa mtaa wa juu jina langu la shule hawalijui, wananiita Radi. Na nani aliyeiingiza kwenye kile chumba? Mimi. Asubuhi ileile, nikiwahofia watoto wa wageni wasiitoboe kwa vidole, niliibeba kwa mikono yangu hii nikaificha nyuma ya mlango wa gari lisilojulikana. Kisha kwa mdomo wangu huuhuu nikaja kusema mpaka msumari.

"Mtani," nikasema, na sauti ilikuwa imenipungua kidogo, "hiyo si ya marehemu."

"Ulisema vya marehemu, au ulisema vilivyomo chumbani?"

"Vilivyomo chumbani," ua mzima ukajibu. Wa kwanza kujibu alikuwa mama yangu mzazi.

Bi Somoe akaikalia Radi, akakunja nne. Na Mjomba Hamisi, ambaye alikuwa amenuna kama tenga lililoanguka, akachanua. Akaja akanishika bega kwa upendo ambao sijawahi kuuona tangu nimjue.

"Mwanangu, jogoo namtoa mimi. Wawili hata. Tukomboe, yaishe."

Huyo mzee hana shule sana kunizidi ila ana akili za kuvizia. Kwa watani hakuna kukomboa nusu. Ukikomboa unakomboa mzigo mzima. Ningetikisa kichwa tu, Radi ingerudi, na nyuma yake lingerudi kila bomba, kila ndoo, kila redio bubu, na mpaka adhana ya magharibi chumba kingekuwa kimejaa kama kilivyokuwa. Na Bibi sebuleni. Kwa muda.

Ningependa kuandika kwamba nilikataa palepale, kifua mbele. Sikukataa palepale. Niliomba ruhusa kama mtu aliyebanwa, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasimama karibu na choo nikiwa sina haja yoyote.

Nikawaza unyago wa Jumamosi ijayo Ruangwa, nimeshaahidi. Nikawaza vijana wa kijiweni watakavyoniita. Nikawaza, bila Radi mimi ni nani, si kijana mwingine tu mwenye simu ya kioo kilichopasuka? Nikaanza kujitengenezea maneno mazuri: Bibi si atavumilia, Bibi ameshavumilia makubwa, sebule yetu haina hata mbu wengi, ni mpaka nitakapopata njia nyingine. Ni kwa muda.

Nikalisikia lile neno mdomoni mwangu mwenyewe.

Mjomba Issa naye hakuwahi kusema anaweka kitu milele. Kila kilichoingia kwenye kile chumba kiliingia kwa muda. Na msinidanganye kwamba Radi na bomba bovu ni sawa. Si sawa. Radi inapiga, tena inapiga mpaka sufuria zinacheza jikoni. Ndiyo maana iliuma. Kutupa kibovu kila mtu anaweza, hata Mjomba Hamisi angeweza akisukumwa.

Nikarudi mbele ya watu.

"Mjomba, majogoo wako waache bandani. Spika iende."

Uso wake ulirudi kwenye tenga. Mama aliweka mkono mdomoni. Bi Somoe akainuka juu ya spika.

"Mtani wangu, kichwa chako kigumu kama ganda la korosho. Sasa sijui ndani mna korosho au mna upepo."

"Kaanga ujue," nikamwambia.

Radi niliibeba mwenyewe mpaka kwenye mkokoteni. Sikutaka mtani aishike kwa kuivuta waya. Maksai wakaondoka nayo taratibu, imekaa juu ya vyuma vyote, nyekundu, kama bibi harusi aliyepewa gari baya.

Halafu tukaosha. Salfa ilikuwa imelala mle ndani miaka, ukifagia inaamka. Tulipiga chafya mimi na Mama mpaka tukaanza kucheka, tukashindwa kuacha, na Mama alipocheka vya kutosha akalia kidogo, kakaye ni kakaye. Nilimwacha alie. Chini ya lile lundo tulikuta kuta zina rangi ya bluu. Tukakuta na dirisha. Dirisha zima, lina mbao zake, Mama mwenyewe alikuwa ameshalisahau. Tulipolifungua likatazamana na jiko la jirani, jirani akaruka kwa kushtuka, akatuuliza tumetokea wapi.

Bibi amelala humo jana. Leo asubuhi nimemuuliza ameamkaje. Kasema chumba kikubwa, mtu anaweza kupotea. Halafu kaniuliza kama na kile kiti cha sebuleni nakitaka au nacho niwape watani, nikaona huyu naye anaanza kunitania, nikaondoka.

Sasa nikuambie ya leo, Shajara, maana ya leo ndiyo magumu.

Tangu saa za chai Bi Somoe anapiga taarabu kwa kutumia Radi. Nyumba yake ni mtaa wa pili, na Radi, kama nilivyosema, si ya mchezo. Anapiga vibaya. Besi kaifungua mpaka mwisho, itaungua ile. Nimesikiliza kila wimbo kama mtu anayesikia mtoto wake analia kwa jirani. Nimepita kijiweni, wakaniita DJ wa Mdomo. Nikawaambia afadhali mimi nina mdomo, ninyi spika hamkuwahi kuwa nayo hata ya kupoteza. Nikaondoka kwa mwendo wangu uleule, bega moja chini. Kona ya kwanza tu nikalipandisha, linauma.

Mchana Bi Somoe kamtuma mtu. Eti ile mashine haielewi, eti kama nataka kazi ya Jumamosi niende nikampigie, mimi mpiga muziki, yeye tajiri. Eti nitakuwa kibarua wake. Nimejibu nitafikiria. Uongo. Nimeshafikiria, sijapata jibu tu. Naona aibu kwenda, na naona ujinga kutokwenda, na katikati yake yupo mtu atakayeharibu besi.

Ila sijutii. Andika hilo kwa wino, kama ungekuwa na wino. Nimejipima kwa kila upande, nimekuta maumivu, nimekuta hasira, nimekuta njaa kidogo. Majuto sijayakuta.

Na kama nilikuwa na chembe ya majuto, Mjomba Hamisi kaimaliza mwenyewe. Kapiga simu kutoka Ruangwa sasa hivi, ndiyo maana nimeshika simu nikaanza kuandika. Anakuja Ijumaa baada ya swala, na wazee wawili, kukaa kikao, nieleze mbele ya ukoo nilivyotawanya urithi. Nikamwambia karibuni sana, Mjomba. Akasema kikao kinaweza kuwa kirefu, huenda wakalala. Nikamwambia karibuni zaidi.

Halafu akasema, sauti imelainika kabisa, "Basi mtuandalie kile chumba. Si kiko wazi sasa, tutafikia humo."

Nikamwambia kile chumba kina mtu.

Akauliza nani.

Nani, eti.

Nikamwambia aje tu Ijumaa ajionee. Ila akifika abishe hodi kwanza, na akisikia kimya asirudie. Atakuwa amelala huyo, na kwenye nyumba hii hakuna wa kumwamsha.